Nidhamu haijengwi kwa fimbo: somo la Leopards kwa timu za Banalia na Kisangani

Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo, neno la kwanza linalotoka midomoni mwa wapenzi wa mpira ni nidhamu. Wanalalamika kwamba vijana wanachelewa mazoezini, wanajibizana na mwamuzi, na usiku wa kuamkia mechi wanaonekana kwenye pombe. Kisha wanaomba kocha mpya, tena kocha mkali. Ndivyo inavyosemwa kuhusu timu za mitaa ya Makiso na Mangobo, kuhusu timu za wanafunzi wa vyuo vya Kisangani, na kuhusu timu za shule kule Bengamisa, Panga na Banalia kwenyewe.

Ni wachache wanaouliza swali linalofuata: huyo kocha mkali atafanya nini siku ya kwanza? Atashika fimbo ama atashika daftari? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama timu itasimama tena au itaanguka mara ya pili.

Mfano wa karibu uko mbele ya macho ya Wakongomani wote. Katikati ya mwaka 2022 timu ya taifa, Leopards, ilikuwa chini kabisa. Ilikuwa imekosa CAN iliyochezwa Kamerun mwanzoni mwa mwaka huo. Mwezi wa tatu ilifungwa na Moroko mabao 4 kwa 1 mjini Casablanca na kupoteza nafasi ya Kombe la Dunia la Qatar. Mwezi wa sita, chini ya kocha Héctor Cúper wa Ajentina, ilianza safari ya CAN mpya kwa kufungwa 1 kwa 0 na Gabon pale Kinshasa, halafu 2 kwa 1 na Sudan. Mechi mbili, pointi sifuri.

Mwezi wa nane mwaka huo akaja Sébastien Desabre, Mfaransa ambaye hakuwa na jina kubwa Ulaya lakini alikuwa amefanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Jirani zetu wa Uganda walimjua: aliwafikisha Cranes kwenye hatua ya 16 bora ya CAN ya 2019 kule Misri. Wengi hapa nchini walimpokea kwa mashaka. Mwaka 2023 Leopards waliifunga Mauritania Lubumbashi, wakatoka sare ugenini, wakaenda kuifunga Gabon 2 kwa 0 nyumbani kwake Franceville, kisha wakamalizia na Sudan 2 kwa 0 Kinshasa. Waliokuwa wa mwisho wakamaliza wa kwanza katika kundi lao.

Kule Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024, timu hiyo ilifika nusu fainali. Ukitazama namna ilivyofika, utaona vizuri maana ya nidhamu. Ilitoka sare na Zambia, ikatoka sare na Moroko, ikatoka sare na Tanzania. Dhidi ya Misri ilikuwa sare tena, 1 kwa 1, hadi penalti, ambapo mlinda mlango Lionel Mpasi alifunga mkwaju wa mwisho na hesabu ikawa 8 kwa 7. Mechi moja tu katika saba ndiyo waliyoshinda ndani ya dakika tisini: ile ya Guinea, 3 kwa 1, ambayo walianza kwa kufungwa. Katika mechi zote saba waliruhusu mabao matano tu.

Timu ya namna hiyo haishindi kwa bahati wala kwa makelele. Inashinda kwa sababu kila mchezaji anajua mahali pake na anabaki hapo hata akichoka, na kwa sababu bao la mpinzani halizushi ugomvi kati ya walinzi na washambuliaji. Nidhamu ya uwanjani ni kujua kazi yako na kuamini kwamba mwenzako atafanya yake. Sura ya kocha, iwe ya ukali ama ya upole, haitoshi kuileta.

Na haileti ushindi kila siku. Tarehe 9 mwezi wa tisa 2025, Leopards waliongoza 2 kwa 0 dhidi ya Senegal kwenye uwanja wa Martyrs, halafu wakafungwa 3 kwa 2. Katika timu nyingi za kwetu, usiku huo kocha angefukuzwa na wachezaji watano wangetajwa kuwa wasaliti. Kocha alibaki, na kundi likabaki. Miezi miwili baadaye, kule Rabat, timu ileile iliitoa Kamerun kwa bao la kapteni Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza, na siku tatu baadaye ikaitoa Nigeria kwa penalti 4 kwa 3. Katika mechi hiyo ya Nigeria, kabla ya penalti, kocha alimtoa Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu. Mpasi huyohuyo aliyekuwa shujaa dhidi ya Misri alitoka nje ili mwenzake afanye kazi aliyoandaliwa. Hapo ndipo nidhamu inapoonekana: jina kubwa linakubali kukaa benchi kwa faida ya timu.

Banalia ina sababu ya pekee ya kuelewa tofauti kati ya nidhamu na woga. Historia ya mahali hapo, kando ya mto Aruwimi, ina somo ambalo shule zetu hazilifundishi vya kutosha. Mwaka 1887 Mwingereza Henry Morton Stanley alipita huko akimtafuta Emin Pasha. Aliacha nyuma kule Yambuya kikosi chini ya Meja Edmund Barttelot, na watu wengi wa kikosi hicho walitoka Zanzibar na walisema Kiswahili. Barttelot alikuwa mkali sana. Watu walichapwa viboko kwa makosa madogo na makubwa, huku chakula kikiwa haba na wagonjwa wakizidi. Kwa mwaka mzima, woga ndio ulioitwa nidhamu.

Matokeo yake yanajulikana. Wabeba mizigo wengi walikufa au walitoroka. Tarehe 19 mwezi wa saba 1888, Barttelot alipigwa risasi na kuuawa palepale Banalia, katika ugomvi alioanzisha mwenyewe alfajiri kwa sababu ya ngoma na nyimbo za mwanamke mmoja. Stanley aliporudi mwezi wa nane, alikuta afisa mmoja tu wa Kizungu amebaki na kikosi kimesambaratika. Stanley mwenyewe hakuwa mpole, na wahenga wa Aruwimi hawakumwita kuja. Lakini kisa hicho kinabaki: kikosi ambacho hakikupewa chakula, hakikuelezwa safari inaelekea wapi, na kiliongozwa kwa kiboko, hakikuwa na nidhamu hata siku moja. Kilikuwa na hofu tu, na hofu ilipofika mwisho wake, hakuna kilichobaki.

Kocha mpya anayepokea timu ya wanafunzi Kisangani ama ya shule huko Banalia anakutana na njia panda hiyohiyo, kwa kiwango kidogo. Anaweza kuwapiga makofi wanaochelewa, kuwatukana mbele ya wasichana wa shule, kuwakimbiza jua kali hadi waanguke. Wiki mbili watamtii. Siku ya tatu ya wiki ya tatu, wenye kipaji watahamia timu nyingine, na wanaobaki watajifunza jambo moja: mwenye nguvu ana haki ya kupiga. Katika jimbo la Tshopo, ambako ugomvi wa jamii kwa jamii umekwisha kumwaga damu, somo hilo hakuna anayelihitaji.

Njia nyingine ni ngumu zaidi, lakini inajulikana. Kwanza ni saa. Kocha anayetaka vijana wafike saa tisa na nusu anafika saa tisa. Pili ni sheria chache, zilizoandikwa, zinazojulikana kabla ya kosa, na zinazomgusa mfungaji bora sawasawa na mchezaji wa akiba. Mtihani wa sheria hizo unakuja siku ya mechi kubwa, pale mfungaji bora amekosa mazoezi siku tatu na rais wa timu anapiga simu kuomba achezeshwe. Kocha akikubali siku hiyo, daftari lake la sheria halina kazi tena.

Tatu ni masomo. Timu ya shule au ya chuo haina maana kama wachezaji wake hawaonekani darasani. Kocha na prefe wa masomo wanapaswa kuzungumza kila wiki, na asiyeingia darasani asiingie uwanjani. Kisangani ni mji wa wasomi tangu mwaka 1963, chuo kikuu kilipofunguliwa. Mpira wa wanafunzi ulipaswa kuwa fahari ya mji huo. Nne ni ukweli wa majina na umri. Anayemwingiza uwanjani mtu asiye mwanafunzi, kwa kadi ya jina la mwingine, amekwisha kuwafundisha vijana ishirini na wawili kwamba udanganyifu unalipa. Hawezi kesho kuwahubiria nidhamu.

Lakini si haki kumtwisha kocha mzigo wote. Nidhamu inadaiwa pia kwa wakubwa. Mwaka 1974 nchi hii, ikiitwa Zaire, ilikuwa na timu bora ya Afrika: ilichukua kombe kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika mashindano hayo. Miezi michache baadaye timu hiyo ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi. Ulimwengu ulicheka na kusema Wazaire hawana nidhamu. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba primu walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba waliingia uwanjani mioyo ikiwa imevunjika. Askari, mwalimu au mchezaji aliyeahidiwa na kudanganywa hawezi kudaiwa nidhamu kwa muda mrefu.

Hali ni hiyo katika timu ndogo. Kamati inayokusanya michango ya wapenzi wa mpira na isiyosoma hesabu mbele ya wachezaji inavunja timu kabla ya mpinzani kufanya hivyo. Vijana wanaotoka Banalia kwenda kucheza Kisangani wanasafiri zaidi ya kilomita mia moja kwenye barabara namba 4, ambayo kila mtu anaijua wakati wa mvua. Wakifika wamechoka, hawajala, na hakuna aliyewaandalia pa kulala, kelele za nidhamu zinakuwa matusi. Daftari la pesa, maji ya kunywa, sanduku dogo la dawa: hivyo navyo ni nidhamu, na vinadaiwa kwa viongozi.

Wako watakaosema kwamba mfano wa Leopards hauhusiani na kijiji. Wachezaji wa Desabre wanalipwa Ulaya, wana madaktari na ndege, na wale wa Banalia wengine wanacheza bila viatu. Ni kweli, na pengo hilo ni aibu kwa nchi. Lakini mambo yaliyobadilisha Leopards hayakununuliwa yote kwa pesa. Mwaka 2023, wakati timu inapanda, shirikisho la FECOFA lilikuwa katika matatizo hadi FIFA ikaweka kamati ya muda kulisimamia. Fujo ya ofisini haikuruhusiwa kuingia katika chumba cha wachezaji. Kundi lilelile likaendelea kuitwa, kapteni akajulikana ni nani, na kocha akapewa muda. Kumpa kocha misimu miwili badala ya mechi mbili hakuhitaji dola hata moja.

Kinachochezewa hapa ni zaidi ya kombe. Kijana wa Banalia mwenye miaka kumi na saba ana milango michache mbele yake. Kuna mashimo ya dhahabu na almasi, ambako wengi huacha masomo. Kuna kubebesha watu kwa pikipiki ama kwa toleka mjini. Na mashariki mwa nchi kuna wale wanaokuja na bunduki wakitafuta vijana waliozoea kutii bila kuuliza. Timu iliyoongozwa vizuri inamfundisha kinyume chake: kutii sheria anayoielewa, kukataa amri ya aibu, kushindwa bila kuchoma uwanja, kumwacha mwamuzi arudi nyumbani salama.

Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, kukumbusha dunia mauaji ya mashariki ya Kongo. Wote walifanya hivyo kwa pamoja, bila kutukana mtu, kisha wakacheza mpira. Walifungwa 1 kwa 0. Lakini dunia iliona vijana wa Kikongo waliojua wanachokifanya.

Viongozi wa michezo wa Tshopo, maprefe, wakuu wa vyuo na kamati za timu wanaoanza msimu na kocha mpya wana la kuchagua. Wampe fimbo na mechi mbili, au wampe sheria, hesabu zilizo wazi na muda. Banalia imekwisha kuona, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, njia ya kwanza inaishia wapi.