Civic Yako Ilikuwa Kwa Diski Kitambo: Nani Aliificha, na Kwa Nini Gemu za Leo Zinakunyang'anya Ndai Ulizolipia

Huu ubishi unaujua. Mko base, stori inafika kwa Need for Speed Underground 2, na kila msee anataja ndai aliyozunguka nayo Bayview. Mmoja anasema alikuwa na Honda Civic, akaitia neon ya kijani na spoila kubwa kama meza ya kulia. Mwingine anamcheka mpaka anashika ukuta. "Wee, hakuna Civic kwa hiyo gemu! Kuna Corsa!" Wanarushiana maneno mpaka chai inapoa, na hakuna anayejua kwamba wote wawili wanasema ukweli.

Iko hivi. EA walitoa Underground 2 mwezi wa Novemba 2004, na haikuwa sawa kila mahali. Toleo la Amerika Kaskazini lilikuwa na Honda Civic na Acura RSX. Toleo la Ulaya likanyimwa hizo mbili, likapewa Peugeot 106 na Corsa, ile ya Opel ambayo Waingereza wanaiita Vauxhall. Sisi huku hakuna aliyetuuliza tunataka gani. Ndai uliyopata ilitegemea kopi yako ilitoka upande gani wa dunia kabla ifike kwa kompyuta ya cyber ya mtaa wenu.

Sasa skia hii. Kwa toleo la kompyuta, ndai zote nne zilikuwa ndani. Yule wa Corsa alikuwa na Civic kwa mashine yake miaka yote hiyo. Ilikuwa imelala kwa faili, na kitu kilichoizuia ni mpangilio mdogo tu unaosema huyu ni wa Ulaya, huyu ni wa Marekani. Baadaye wachezaji wakatengeneza vijiprogramu vya kuondoa hiyo kufuli. Unabadilisha sifuri inakuwa moja kwa faili ya maandishi, unawasha gemu, na ndai ambayo uliambiwa haipo inakungoja kwa duka.

Hizi ndizo zinaitwa gari mabaki, na gemu nyingi za mbio zimejaa nazo. Nyingine zilifungiwa watu wa nchi fulani. Nyingine ziliwekwa za wahusika wa kompyuta peke yao na hukuwahi kuruhusiwa kuzimiliki. Kuna zile pia za gemu iliyotangulia, majina yao bado yanaelea kwa faili juu gemu mpya ilijengwa juu ya ile ya zamani, vile msee anajenga ghorofa bila kubomoa jikoni ya zamani.

Chukua Most Wanted ya 2005, ile ya Rockport na Blacklist ya wasee 15, Razor akiwa namba moja. Kila msee wa umri fulani anajua ule uchungu wa Razor kukuchukulia BMW M3 GTR yako mwanzoni, halafu unasota gemu nzima ukiitafuta. Ndani ya faili za hiyo gemu kuna folda moja imeandikwa CARS, na kila gari ina chumba chake hapo: faili moja ya umbo, nyingine ya rangi na michoro. Namba za jinsi gari inavyokimbia na kukata kona zinakaa kando, kwa faili kubwa ya pamoja. Karao wana vyumba vyao hapo. Teksi pia. Lori la takataka pia. Kompyuta haijui heshima, kwake M3 GTR na lori la kokoto ni folda mbili tu.

Ndiyo maana kwa zile changamoto za pembeni gemu yenyewe inakupea teksi ama lori uendeshe kidogo, halafu inakupokonya. Hiyo Corvette ya Sajini Cross, yenye imekufukuza hadi ukaota nayo usiku, haingii gereji yako hata ushinde kila mtu. Wachezaji hawakukubali. Kuna programu inaitwa VltEd inafungua ile faili kubwa ya namba, na miaka karibu 20 imepita na wasee bado wanachokora humo, wanawapa karao injini mpya na kuingiza magari ambayo EA hawakuwahi kuyafikiria.

Utauliza, si wangefuta tu? Kufuta ni kazi, na ni kazi ya hatari. Fikiria gemu imebaki wiki chache itoke. Kila gari imefungwa na vitu vingine: sauti, jina kwa lugha kadhaa, bei ya dukani, orodha ya wapinzani, picha ya menyu. Ukitoa folda moja, gemu inaweza kuzima katikati ya mbio, na hakuna muda wa kuijaribu yote upya. Basi mhandisi anafanya kitu cha maana: anazima taa na kufunga mlango, gari inabaki ndani. Hakuna njama hapo. Ni kama ile waya ya fundi iliyobaki kwa ukuta wa keja yenu, haifanyi kitu lakini hakuna mtu ako na roho ya kuivuta.

Lakini kuna kufuli ya pili, na hii ni ya wakili. Gari halisi kwa gemu ina leseni. Kampuni ya magari inakubali jina lake na umbo la gari litumike, kwa masharti, kwa muda. Porsche walikuwa wamejifunga na EA kuanzia 2000 mpaka 2016, ndiyo maana kwa gemu za watu wengine ulikuwa unaona RUF, kampuni ya Kijerumani inayojenga gari juu ya miili ya Porsche, ukidhani ni ya River Road. Toyota nao walikosekana kwa Need for Speed Payback ya 2017 na tena kwa Heat ya 2019. Hebu fikiria mkenya anacheza gemu ya magari isiyo na Toyota hata moja, na nje ya dirisha lake kuna Probox tatu na Vitz imezuia lango.

Na leseni inaisha. Hapa ndipo stori inageuka kutoka kumbukumbu za utotoni inakuwa pesa zako. Forza Horizon 3 iliondolewa dukani Septemba 2020. Forza Horizon 4 ikafuata Desemba 15, 2024, miaka sita tu baada ya kutoka. Mwaka wa 2021 EA walitoa Need for Speed tano kwa duka za mtandaoni kwa mpigo mmoja: Carbon, Undercover, Shift, Shift 2 na The Run. Angalau hapo aliyekuwa amenunua alibaki na yake. Most Wanted ya 2005 yenyewe huwezi kuipata kwa Steam ukitaka kulipa kihalali. Inaishi kwa diski za zamani na kwa roho ngumu ya mashabiki.

Halafu kuna The Crew, na hii lazima tukae nayo kidogo.

Ubisoft waliitoa Desemba 2014. Ilikuwa Marekani nzima kwa ramani moja, unatoka New York asubuhi na kufika Los Angeles kabla mathe akuite chakula. Shida ilikuwa moja: hata ukicheza peke yako, lazima uwe umeshikana na seva yao. Desemba 2023 wakaitoa dukani. Machi 31, 2024 wakazima seva, wakitaja mambo ya miundombinu na leseni. Sio sehemu ya kucheza na marafiki peke yake iliyokufa. Gemu yote. Uliyenunua diski kwa pesa yako, ukaiweka safi, ukiiingiza leo kwa PS4 haikupeleki popote. Magari yote yako hapo ndani, umbo, rangi, sauti ya injini, na huwezi kugusa hata moja. Mwezi uliofuata wachezaji wakaanza kuona hata haki ya kuifungua imeondolewa kwa akaunti zao.

Umeona venye imegeuka? Kwa Underground 2, ndai ambayo hukuuziwa ilikuwa kwa mashine yako na ungeweza kuifungua. Kwa The Crew, ndai uliyouziwa iko kwa diski yako na huwezi kuifungua. Diski nzima imekuwa gari mabaki.

Na wachezaji waliochimba faili za The Crew waliripoti kupata dalili za mfumo wa kucheza bila intaneti, umeachwa ndani umezimwa. Kama ni hivyo, ile kufuli ya mhandisi niliyokuambia juu ilikuwa hapo pia, na ufunguo ulikuwa kwa nyumba.

Wasee hawakunyamaza. Aprili 2024 Mmarekani mmoja wa YouTube, Ross Scott, akaanzisha kampeni inaitwa Stop Killing Games, na The Crew ndiyo ilikuwa mfano wake mkuu. Hawaombi seva zikae milele. Wanaomba kampuni ikiamua kuondoka, iache gemu katika hali ya kuchezeka. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 1 kufikia Julai 2025. Lile la Uingereza lilipita laki moja na likajadiliwa bungeni Novemba mwaka huo huo. Huko California kuna wachezaji walienda kortini, na mawakili wa Ubisoft wakajibu kwamba walichonunua wateja ni ruhusa ya kutumia, sio mali. Isome tena hiyo polepole. Kisheria wanaweza kuwa sawa, juu iko kwa yale maandishi marefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Lakini sanduku dukani halikuwa limeandikwa "kodisha".

Kelele zilileta kitu. Ubisoft waliahidi gemu zilizofuata hazitazikwa hivyo, na Oktoba 2025 The Crew 2 ikapata njia ya kucheza bila seva. Kumbe inawezekana. Mwezi mmoja kabla, mashabiki wenyewe walikuwa wametoa mradi wao, The Crew Unlimited, unaofanya ile gemu ya kwanza iwake tena kwa kompyuta kwa seva ya kujitengenezea. Kazi ile ile ya wale wa VltEd, ila safari hii hawafungui gari ya ziada, wanarudisha zile walizolipia.

Sitakudanganya kwamba kampuni hazina hoja. Mabaki yanaweza kukuletea ngori. Waulize Rockstar: mwaka wa 2005 kipande cha mambo ya chumbani walichokizima ndani ya GTA San Andreas kilifunguliwa na wachezaji, gemu ikapandishwa daraja kuwa ya watu wazima pekee Marekani, na maduka yakaitoa kwa rafu. Tangu hapo mawakili wanaogopa kila kilichosahauliwa kwa diski. Na mwenye gari ana haki ya kusema gemu mpya zisiuzwe na jina lake baada ya mkataba kuisha. Hiyo naelewa. Lakini Forza Horizon 4 inaonyesha unaweza kuacha kuuza bila kuingia kejani kwa aliyenunua jana. Ubisoft walichanganya mambo mawili na kuyaita leseni.

Kwetu hii si stori ya Wazungu. Umetuma pesa kwa simu, umenunua gemu ya dijitali kwa dola, umeongeza ile bando ya kuipakua usiku mzima. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anayohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. California tayari walitunga sheria yao, ilianza kazi Januari 2025: ukiuza kitu cha dijitali ambacho mtu hamiliki, mwambie wazi. Steam walianza kuandika hivyo kwa ukurasa wa malipo hata kabla sheria ianze. Wengi wanaipita bila kuangalia. Iko hapo, kwa maandishi madogo, karibu na kitufe cha kulipa.

Kwa hivyo ukiona gemu ya mbio imeshuka bei ghafla wikendi hii, angalia kwanza kama wametangaza tarehe ya kuitoa dukani, juu mara nyingi ndivyo wanaaga. Halafu angalia kama ukurasa wake unadai intaneti kila wakati, hata kwa mchezaji mmoja. Na kwa zile tayari uko nazo, jaribu leo jioni: zima Wi-Fi kabisa, washa gemu, uone ni ndai ngapi zitatoka gereji.

Na yule jamaa wa Civic, mpigie simu. Unamdai msamaha wa miaka 20.