Mama, Nataka Kuishi kwa Gemu

Mama mwenzangu, jioni moja jirani yangu hapa Sigino alinijia akilia. Kijana wake wa kidato cha tatu amemaliza hela ya mchango wa shule kwenye kibanda cha gemu, na anadai hiyo ndiyo kazi atakayoifanya.

Je, kazi hiyo ipo? Ipo. Sylvia Gathoni wa Kenya, mchezaji hodari wa Tekken, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani, XiT Gaming. Lakini wakati huohuo alikuwa akisomea sheria. Alijua kwamba mchezaji hula kwa zawadi za mashindano, mkataba na wadhamini. Akishindwa, au mkataba ukiisha, chungu hakipandi jikoni.

Kama muuguzi naongeza: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliukubali uraibu wa gemu kuwa ugonjwa. Mtoto akiacha kulala, kula na kusoma kwa ajili ya gemu, usimpige. Mpeleke aonwe na mtaalamu.

Nilimwambia jirani: dada yangu, keti na mwanao. Mpangie saa za kucheza, nendeni wote kwa mwalimu, na hela ile airudishe kwa kupalilia mahindi. Kipaji usikizime, ila daftari litangulie.