Cha Mjerumani Hakifi?

Pana usemi uliozoeleka tangu bandari za mwambao hata vijiwe vya mafundi wa Kigoma: cha Mjerumani hakifi. Hutajiwa boma, hutajiwa daraja la reli, hutajiwa gari kuukuu, na zaidi ya vyote hutajiwa meli ya Liemba. Usemi huu ni mtamu masikioni, lakini ni wa uongo, na gharama ya uongo huo hulipwa na watu ambao majina yao hayamo katika sifa.

Liemba ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa reli mpaka Kigoma. Februari 1915 ilishushwa ziwani. Kila anayeisimulia habari hii huwataja mafundi watatu waliotoka Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Ni haki yao kutajwa. Lakini watu watatu hawanyanyui mabati ya meli yenye urefu wa mita 70 na ushei. Walikuwapo Waafrika na Wahindi waliobeba, waliochoma moto, waliogonga misumari ya chuma. Hao hukusanywa pamoja kwa neno moja, vibarua, na mlango ukafungwa.

Na huyo asiyekufa aliuawa na nani? Na Wajerumani wenyewe. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha isije ikatekwa, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa zikatiwa za dizeli, na miaka ya 1990 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Ukitoa kila kilichobadilishwa, Mjerumani amebaki ubavuni tu. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka wa kwanza hausaliki, na hapana anayesema kuwa chombo bado ni cha yule aliyechonga ubao ule.

Huko Ulaya ufundi wa kufufua umechukua njia nyingine. Mfano wake mzuri ni BMW 507, gari la wazi la viti viwili lililosanifiwa na Albrecht von Goertz (Graf mwingine tena, masikio ya Kiswahili husamehewa yakimchanganya na yule wa meli). Magari hayo yalitengenezwa kati ya 1956 na 1959, yasizidi sana 250, kwa gharama iliyokaribia kuiangusha kampuni. Ni gari zuri mno, na anayelikana uzuri wake hana macho. Mojawapo lilikuwa la Elvis Presley alipokuwa askari Ujerumani. Lilikuwa jeupe. Wanawake walimwandikia salamu juu yake kwa rangi za midomo, hata akalipaka rangi nyekundu. Baadaye likavuka kwenda Marekani, likang'olewa injini, likaishia katika ghala la maboga California. Mafundi wa München walilishughulikia miaka miwili, na mwaka 2016 likaonyeshwa jeupe pepe kama siku ya kwanza. Kazi hiyo haina dosari, na hiyo ndiyo dosari yake: wekundu aliouchagua mwenyewe umefutwa, na kila kilicholipata gari baada ya kutoka kiwandani kimehesabiwa kuwa kutu.

Wapo wanaotamani Liemba nayo ifufuliwe namna hiyo: irudishiwe sura ya Götzen, ikae pwani ya Kigoma kama kumbukumbu ya Kaisari na ya sinema. Hao hawajapanda kwenda Kasulu wala Kibondo.

Wasomaji wa visiwani na mwambao aghlabu huwajua Waha kwa mlango wa mkonge tu, wale manamba waliotembea kutoka nyanda hizo za juu hadi mashamba ya Tanga. Mei 2015 nyanda hizo hizo zilipokea umati. Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisicho na barabara ya gari, na kipindupindu kikawaingilia. Liemba haikuweza kufika ufukweni. Ikasimama mbali kidogo, na mashua za wenyeji zikawapeleka watu kwenye ubavu wake; ikawachukua kama mia sita kwa safari hadi Kigoma. Kutoka hapo walipandishwa mabasi kwenda Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, na tangu Oktoba mwaka huo wengine Nduta, wilaya ya Kibondo. Huko walikuta watu wasemao Kiha, wakaelewana nao bila mkalimani. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1997 meli hiyo hiyo iliwarudisha makwao wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 75,000.

Basi ni Liemba ipi irudishwe? Ile ya 1915, iliyobeba mzinga, ina umri wa mwaka mmoja na miezi. Ile nyingine imebeba watu, dagaa na magunia kwa miongo tisa. Mhariri anayeuchukua utendi wa kale akafuta kila neno lililotiwa na wanukuzi, akidai anamrudishia mtunzi chake, hukuta mara nyingi amewafukuza waliouimba. Wakarabati wa meli nao wataingia kosa hilo wakiipiga rangi mpya na kubandika kibao chenye majina matatu ya Papenburg.

Kibao hicho kiwe na nafasi. Pawepo mafundi wa Kigoma waliozishika injini zile miaka ya 1970, ambao watoto wao wanaweza kuulizwa. Pawepo wenye mashua wa Kagunga. Na wazee wa Kasulu na Kibondo waulizwe, kwa Kiha, walimwona nani akishuka katika mabasi yale.