Mtandao Upo, Majina Hayapo

Kuna sentensi moja ningependa ifutwe midomoni mwetu walimu watarajiwa: "Mtandao umekufa." Ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari "naumwa" halafu anyamaze. Tena inagharimu hela.

Shule niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana ina kikompyuta cha Raspberry Pi kinachotunza vitabu na masomo kwa ajili ya chumba cha kompyuta. Kinaendeshwa na Alpine Linux, mfumo mdogo ambao amri zake nyingi zimebebwa na programu moja tu, BusyBox. Kilipoacha kupakua masomo mapya, kila aliyekigusa alipata jibu lile lile: "bad address". Maneno hayo yanamfanya mtu adhani kakosea kuandika anwani, kwa hiyo ikaandikwa upya, na upya tena. Kisha likanunuliwa bando jingine kwa michango ya wazazi. Kisha akaja fundi, akashauri kinunuliwe kikompyuta kingine. Wiki tatu hizo, na kidato cha nne wanasubiri mitihani.

Swali la dakika moja halikuulizwa: kikompyuta kinashindwa kutoka nje, au hakijui majina tu? Kompyuta huitana kwa namba. Jina la tovuti lazima kwanza seva ya DNS iligeuze kuwa namba, kama unavyogusa jina la mtu kwenye simu ikapigwa namba yake. Ukiandika ping 8.8.8.8 ukajibiwa, njia ipo na bando lipo. Ukiandika ping na jina ukaambiwa "bad address", ugonjwa uko kwenye majina. Hapo unafungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva ya majina ya kuulizwa. La pale shuleni lilikuwa tupu. Mwalimu wa fizikia akaandika mstari mmoja, neno nameserver na namba ya seva, kikapona.

Kwa siku mbili. Umeme ulikatika, na uliporudi faili lilikuwa tupu tena.

Hapa ndipo mifumo hii midogo inapoachana na Windows tuliyoizoea. Kwenye Raspberry Pi, Alpine mara nyingi huwekwa hivi: mfumo mzima unaishi kwenye RAM, na ulichobadilisha hupotea mashine ikizimwa, mpaka uandike lbu commit ndipo kihifadhiwe kwenye kadi. Halafu kuna udhcpc, kijiprogramu kinachoomba anwani kwa ruta. Ruta ikikipa orodha ya seva za majina, kinaiandika ndani ya faili lile lile, juu ya ulichoandika wewe. Kwa hiyo kujua faili lina nini hakutoshi. Uliza pia nani anapaswa kuliandika. Kwetu ilikuwa ruta, na ruta hiyo haikuwa ikitaja seva yoyote. Tukairekebisha ruta, tukaandika na lbu commit. Umeme umeshakatika mara nyingi tangu hapo (nani ahesabu?), na masomo yanaendelea kushuka.

Sasa tuje chuoni. Somo letu la kompyuta kwa walimu linatupima kutengeneza slaidi na kujumlisha alama za wanafunzi. Sawa, vyote tunavihitaji. Lakini hakuna hata swali moja linalotaka mtu atafute kasoro hatua kwa hatua. Wenzangu wengine hunijibu, "Sisi ni walimu bwana, siyo mafundi." Jamani, nendeni shule ambayo fundi anatoka mjini wilayani na anadai nauli kwanza, ndipo mtajua fundi ni nani.

Na kazi hiyo siyo ngeni kwetu. Mwanafunzi akikosa swali la hesabu, tumefundishwa kuchunguza kama hesabu ndiyo imemshinda, au ni Kiingereza cha swali. Ni uchunguzi ule ule.

Ninachoomba hakihitaji kununua chochote. Alpine inapakuliwa bure na inaendeshwa hata ndani ya laptopu yenye Windows. Mhadhiri afute mstari mmoja kwenye resolv.conf kabla hatujaingia, atugawe makundi, atuache tuhangaike. Ijumaa mchana tuna saa mbili za maabara ambazo kila wiki tunaambiwa tujisomee. Muhula ujao tupewe hizo.