Mizinga Haikuweza, Kupuuzwa Kumeweza

Ipo kauli inayorudiwa mno barazani: kwamba majumba ya Mizingani, Unguja, ni ya masultani, basi waliyoyajenga ndio wayalilie. Kauli hii inavutia kwa kuwa imevaa joho la haki. Ukiivua joho, utaukuta uvivu.

Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mtaa huo kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, ikateketea. Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Upande wa bandarini lipo jengo la Tharia Topan, lililoanzwa mwaka 1887 na kukamilika 1894, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Miaka mingi lilikuwa zahanati, kisha likachakaa vibaya. Katika miaka ya 1990 likakarabatiwa, likapona.

Na walinganishwe majirani hawa wawili. Mmoja aliwahiwa. Mwingine aliporomoka kipande mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 upande wake wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wa saa, mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Tiba ilimfikia mgonjwa akikata roho. Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Miaka ishirini ya heshima haikutosha kuliokoa jumba lake kubwa.

Wasemao kuwa uzee ndio ulioua hawaijui nyumba ya mawe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani. Paa likivuja, vichwa vya boriti huoza ukutani pasipo mtu kuona. Nyumba hizi hazidai miujiza. Zinadai paa zima, chokaa, na fundi aijuaye.

Sasa hoja ya masultani. Msomaji aliyeko Hanga, Songea, ana haki ya kuuliza majumba hayo yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Mali iliyoutajirisha mji huo haikuwa karafuu peke yake. Ilikuwa pia pembe na watumwa, na wengi wa watumwa hao waliswagwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa hadi Kilwa, wakavushwa bahari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka kumi tu kabla ya Beit al-Ajaib kujengwa. Anayeyaacha majumba hayo yaanguke kwa kuwachukia wenyewe anauharibu ushahidi wa mlalamikaji, si fahari ya mshitakiwa.

Songea wanalijua hilo. Mji wao unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na mahali pa msiba huo pamewekwa makumbusho ya Majimaji. Hawakupafuta kwa kuwa paliwaliza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta mpya hujengeka, fedha ikipatikana. Lakini ukuta mpya haukuiona mizinga ya 1896, wala hauwezi kuitolea ushahidi. Kwa hiyo paa za Mizingani zilizobaki zikaguliwe kabla ya kila masika, na vijana wafundishwe kazi ya chokaa wangali hai wanaoijua.