Kikundi cha Sufuria, Anzeni na Chungu

Ndugu mfanyabiashara, kikundi chenu kikitaka kusubu sufuria, msikimbilie tanuri kubwa. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza inunue chungu cha kuyeyushia cha grafaiti, chenye mfuniko.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Sentigredi, na ikishayeyuka hula chuma. Mtungi wa chuma uliokatwa utatoboka, na alumini itamwagika motoni mbele ya miguu yenu.

Chungu kipya kipasheni moto polepole mpaka kikauke. Chakavu nacho kikaushwe kabla ya kutumbukizwa. Maji yakifunikwa na alumini iliyoyeyuka hulipuka.

Msichanganye betri wala rejeta zenye madini ya risasi, maana sumu yake huishia kwenye chakula cha watoto. Chungu ni ghali, lakini matibabu ya kuungua ni ghali zaidi.