Mshipa Upi, na kwa Kisu Gani?

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa hisabati, alipoambiwa kwamba moyo wake hauna budi kupasuliwa, aliniita nimfafanulie mkewe fomu aliyotakiwa kuitia sahihi. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikakwama kwenye sentensi ya pili. Nilisema, “Watautoa mshipa mkononi waupachike moyoni.” Mkazamjomba akaniuliza, “Mshipa upi, mwanangu? Wa damu, wa fahamu, au ule wa ngiri?”

Sikusudii kujigeuza tabibu. Hata hivyo, swali lile lilikuwa la kitabibu barabara. Mwaka wa 1967, huko Cleveland, Marekani, René Favaloro alianza kutumia vena ya mguuni kuipitishia damu njia ya kando pale ateri ya moyo inapoziba. Miaka michache baadaye, Mfaransa Alain Carpentier akajaribu ateri ya mkono, ile ambayo daktari huigusa karibu na kidole gumba apimapo mpigo wa damu. Nyingi ziliziba, na njia hiyo ikaachwa hadi ilipofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sababu ni kwamba ateri hii, tofauti na vena, ina ukuta mnene wa misuli. Ikivutwavutwa au ikipata joto hujikunyata, na damu isipite.

Hapo ndipo kisu kinapokuwa na maana. Kisu cha umeme hukata na kuziba vijitawi kwa kuchoma, na joto lake huweza kupita nyuzi 150 za Selsiasi. Kisu cha mawimbi ya sauti hutikisika mara 55,500 hivi kwa sekunde moja, kikagandisha protini kwa joto ambalo kwa kawaida ni chini ya nyuzi 100. Kuna pia mkasi na vibanio vya chuma, vinavyotaka subira. Baadhi ya tafiti zimeona kwamba kisu cha mawimbi huharakisha kazi na hupunguza kujikunyata kwa ateri. Nyingine, zilipochunguza utando wa ndani kwa hadubini, hazikuona tofauti kati yake na kile cha umeme. Tena ni ghali. Mimi ningependa kwanza kujua mkono ulioshika kisu umezoea kipi.

Lakini nimeweza kuyasema haya kwa sababu tu nimetenga ateri na vena. Wanafunzi wetu hukutana na maneno hayo mawili kwa Kiingereza katika somo la biolojia, kisha waingiapo darasa la Kiswahili tunawarudisha kwenye “mshipa”, neno lililobeba mizigo mitatu. Mwalimu asahihishaye insha hukwaruza “ateri” kwa wino mwekundu, ati ni Kiingereza kilichovishwa kanzu! Je, “daktari” na “hospitali” tulivirithi kwa nani? Kwa upande mwingine, wapo wanaotafsiri pasipo kufikiri na kusema daktari “anavuna” ateri. Huvuna aliyepanda. Kiswahili kina “kuambua”, na kitendo chenyewe ndicho hicho hasa: kuitenga ateri na mnofu ulioishika, taratibu, isichubuke.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa, inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Nani atakayemweleza, ikiwa walimu wa Kiswahili na wale wa biolojia hawajawahi kuketi meza moja, hata katika shule ile ile?

Nilimshika mkazamjomba kiganja, nikaweka kidole chake penye mpigo, nikamwambia, “Ni huu.” Akanyamaza kitambo, kisha akauliza mkono utakaobaki utapata damu wapi. Nikamwonyesha ateri ya pili, upande wa kidole cha mwisho, na jinsi daktari anavyozibana zote mbili na kuiachilia hiyo moja ili aone kama kiganja kitarudi wekundu. Tulipogeuka, mjomba alikuwa amekwisha kutia sahihi.